Bango lililochorwa kabla ya mbio

Juzi usiku nilikaa chini sakafuni, bango limelala mbele yangu, kona nne nimezikandamiza na vitabu ili lisijikunje, taa ya mezani nimeishusha pembeni kabisa mpaka mwanga unapita juu ya karatasi kwa mlalo, na lenzi ya kukuza mara kumi iko jichoni. Nilikaa hivyo karibu masaa mawili. Ni bango la mbio za magari, zile za kupanda mlima, Ufaransa, miaka ya hamsini, wala siyo mbio maarufu, ukimtajia mtu jina la kile kijiji hata wapenzi wa magari wenyewe watakuangalia tu. Lakini yaani kwa muda wote niliokaa na haya mambo ya mabango ya zamani sijawahi kushika kitu kilichonifurahisha kama hiki, na nataka nieleze kwa nini, maana kila nikimwambia mtu nakusanya mabango ya mbio za Ulaya anadhani napenda picha za magari.

Magari napenda, sikatai. Ila kinachonivuta ni kingine. Bango la mbio linachorwa kabla ya mbio. Fikiria hilo vizuri. Mchoraji anapewa kazi wiki kadhaa kabla, anaambiwa mji, tarehe, saa, basi, anakaa anachora gari linakimbia kwenye mbio ambazo hazijatokea bado, hajui nani atashinda, hajui kama mvua itanyesha, hajui nani hatarudi nyumbani. Sisi leo tunaliangalia tukiwa tunajua kila kitu. Bango lenyewe halijui. Na kila siku litakuwa linasubiri ile Jumapili.

Chukua Monaco ya tarehe 23 Aprili 1933. Bango lake ni la Geo Ham, jina halisi Georges Hamel, mzaliwa wa Laval mwaka 1900, na kuanzia 1933 hadi 1937 mabango ya Monaco ni mkono wake. Sasa hizo mbio zilivyokuja kuwa! Achille Varzi yuko kwenye Bugatti, Tazio Nuvolari yuko kwenye Alfa Romeo, mizunguko 100 wanabanana hao wawili, huyu anaongoza, yule anachukua, huyu anarudisha, hivyo hivyo mpaka mzunguko wa mwisho kabisa, gari la Nuvolari likaanza kutoa moshi, likashika moto, na yeye akashuka akaanza kulisukuma kwa mikono kuelekea mstari wa mwisho. Varzi akashinda. Ndo mbio zile zile ambapo kwa mara ya kwanza kwenye Grand Prix nafasi za kuanzia zilipangwa kwa muda wa mazoezi badala ya kura ya bahati. Ukiliangalia lile bango huku unajua hayo yote unapata hisia fulani, kama kusoma barua ya mtu anayesema tutaonana kesho na wewe unajua hiyo kesho ilikuwaje.

Au mbio za kwanza kabisa pale Monaco, 14 Aprili 1929, mshindi ni mtu aliyejiandikisha kwa jina la "Williams" tu, Bugatti yake amepaka kijani. Huyo ni William Grover-Williams. Baadaye kwenye vita akafanya kazi ya siri kwa upande wa Waingereza ndani ya Ufaransa, akakamatwa, akauliwa kwenye kambi ya Sachsenhausen. Mtu aliyekuwa anapita barabarani akasoma tangazo la siku ile ya Aprili alikuwa anaona tangazo la burudani ya Jumapili tu.

Ndo maana mabango yenyewe mengi hayana jina la dereva yeyote. Kuna mji, kuna tarehe, kuna gari. Basi. Na hapa rangi zinaingia, maana zamani magari yalipakwa kwa nchi, Mfaransa bluu, Mwitaliano nyekundu, Mwingereza kijani, Mjerumani nyeupe na kuanzia 1934 ikawa fedha, kwa hiyo mchoraji akiweka nyekundu mbele na bluu nyuma kila anayepita barabarani anasoma habari nzima bila neno hata moja, Italia inakimbizwa na Ufaransa, njoo uone. Huo ulikuwa utajiri mkubwa sana kwa mchoraji. Ulikufa 1968 pale wadhamini waliporuhusiwa na gari la Lotus likatokea na rangi za pakiti ya sigara, na kwa macho yangu mabango baada ya hapo yalipoteza kitu, picha za kamera zikaingia, nembo zikajaa pembezoni, na rangi ya gari ikawa haina tena kitu cha kumwambia mpita njia zaidi ya kampuni gani imelipa.

Turudi kwa Geo Ham kidogo kwa sababu nampenda. Huyu hakuwa anachora magari kwa kusimuliwa, mwaka 1934 aliendesha mwenyewe kwenye mbio za masaa 24 za Le Mans, Ufaransa. Na inaonekana. Angalia anavyoliweka jicho lako chini, karibu usawa wa lami, gari linakuja juu yako, na angalia matairi, siyo duara, ni kama yai lililoinamia mbele. Ule mwinamo una asili yake. Kamera za zama zile zilikuwa na pazia linalopita mbele ya filamu taratibu, kwa hiyo gari likipita kasi, sehemu ya chini ya tairi inanaswa wakati tofauti na ya juu, picha inatoka tairi limelala. Jacques Henri Lartigue alipiga picha ya namna hiyo akiwa kijana mdogo kwenye Grand Prix ya Ufaransa, tairi limeinamia huku, watu wa pembeni wameinamia kule, picha ambayo leo inajulikana dunia nzima. Ilikuwa kasoro ya kamera tu. Lakini macho ya watu yalishazoea kwamba kitu kinachokimbia kinainama, basi wachoraji wakaichukua ile kasoro wakaifanya lugha, na mpaka leo mtoto akichora gari linaenda mbio analilaza.

Sasa niseme habari ya kununua, na hapa ndo nilipoumia. Bango langu la kwanza "orijino" nililinunua mtandaoni, Monaco ya miaka ya thelathini, muuzaji ameandika maelezo marefu mazuri, karatasi ina rangi ya chai, kona zimechakaa, bei siyo ya kutupa lakini kwa kitu kama kile ilikuwa ndogo, na hilo peke yake lilitakiwa linistue kwa sababu mabango ya kweli ya Monaco ya miaka ile yanaenda kwa maelfu ya euro kwenye minada. Sikustuka. Nilikuwa nimelitamani mno. Likafika kwenye bomba la karatasi ngumu, nikalifungua, nikakaa nalo wiki nzima nikiwa na furaha ya ajabu, na siku niliyoazima lenzi nikaliangalia karibu, kila rangi ilikuwa imejaa vinukta. Vinukta vidogo vimejipanga duara duara kama maua, buluu ya samawati, waridi, njano, nyeusi. Mpaka ile mikunjo ya "uzee" ilikuwa na vinukta, yaani mtu alipiga picha bango la kweli lililokunjika, akaichapa, na mikunjo ikiwemo. Karatasi yenyewe laini kabisa pale mkunjo ulipotakiwa kuwepo. Iliniuma, siyo hela tu, iliniuma kwa sababu nilishalipenda.

Kwa hiyo jifunze kuangalia wino kabla hujaangalia picha. Mabango ya kabla ya vita mengi ni litografia, ufundi ambao Alois Senefelder aliugundua huko Bavaria mwishoni mwa miaka ya 1790, unachora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, unalowesha jiwe maji, unapitisha wino, wino unakimbia maji unashika mafuta, unabana karatasi. Kila rangi na jiwe lake, na baadaye badala ya mawe mazito wakatumia bamba za zinki. Ukiangalia kwa lenzi huoni vinukta vya kupangwa, unaona chembe chembe kama mchanga uliomwagwa, hazina mpango, au unaona rangi imelala nzima kama imepakwa. Na unaona pale rangi zilipopishana. Kuna kitu ambacho wengi hawakijui, mara nyingi siyo Geo Ham mwenyewe aliyechora kwenye jiwe, mchoraji analeta mchoro wake wa rangi kiwandani, halafu kuna mafundi maalumu wa kuuhamisha, anakaa mtu pale anaugawa mchoro kichwani mwake, nyekundu hii ni jiwe moja, hii ya machungwa ni nyekundu juu ya njano, kivuli hiki ni bluu nyepesi juu ya vyote, na anachora kila kipande kinyume kama kwenye kioo. Majina yao hayapo popote. Mimi nikishika bango namshukuru mchoraji na namshukuru na huyu.

Ila usinielewe vibaya ukaondoka unasema kila chenye vinukta ni feki, hapana, uchapaji wa ofseti, huu wa vinukta, ulikuja na mabango mengi halali ya baada ya vita yamechapwa hivyo, swali ni kama njia ya uchapaji inalingana na mwaka unaoambiwa. Vinukta kwenye bango linalodai ni la 1933, simama hapo hapo. Na pima ukubwa, zile reprodaksheni, yaani nakala za kunakili, nyingi zimepunguzwa kidogo ili ziingie kwenye fremu za dukani, sentimita chache tu zinatosha kukuambia ukweli. Angalia na ukingo wa chini, jina la kiwanda cha uchapaji lipo au limekatwa? Mtu aliyekata ukingo aidha alikuwa anataka litoshe fremu au alikuwa anaficha kitu, na vyote viwili vinakula thamani.

Stempu ya kodi nayo, hii naipenda sana. Ufaransa tangazo la kubandika hadharani lililipiwa kodi, kwa hiyo mengine utakuta yamepigwa stempu ndogo juu ya picha, na watu wengine wanaiona kama uchafu. Kwangu mimi ni kinyume chake kabisa. Ile stempu inakuambia hili lililipiwa lisimame ukutani, siyo nakala iliyobaki kwenye kabati la mchapaji. Na hata rangi zenyewe za barabara za Ufaransa zina sheria nyuma yake, sheria ya 29 Julai 1881 iliweka karatasi nyeupe kwa matangazo ya serikali tu, raia wa kawaida atumie ya rangi.

Sasa nirudi sakafuni kwangu.

Hili bango la mlimani picha yake ni ya litografia, gari la bluu linakata kona, mlima nyuma, anga ya njano inayofifia kwenda nyeupe. Nilipoweka lenzi pale bluu ya gari inapokutana na nyekundu ya kofia ya dereva, nikakuta nyekundu imeruka mpaka, kama nusu milimita hivi, na pale zinapopandana pametokea mstari mwembamba wa zambarau iliyoiva. Siku ile karatasi iliingia mashineni imekaa upande kidogo. Labda ya kabla yake ilikaa sawa na ya baada yake ikakaa sawa, hii ikateleza. Huo mstari uko kwenye hili tu. Halafu maandishi. Maandishi ya kijiji, tarehe na saa hayakuchapwa pamoja na picha, niligundua kwa kidole, nimegeuza bango nikapitisha kidole nyuma taratibu, nikasikia herufi zimevimba. Ni herufi za madini ya risasi zilizogandamizwa baadaye. Maana yake picha ilichapwa kwa wingi ikiwa na nafasi tupu chini, ikauzwa kwa klabu ndogo ndogo, na kila klabu ikaenda kwa mchapaji wa mjini kwake ikajaza jina lake. Klabu isiyo na hela ya kumwita mchoraji wa Paris. Na mchapaji yule herufi kubwa "A" zilimwishia, kwenye mstari mmoja kuna A mbili nyembamba katikati ya nene, ya tatu na ya saba, nimeziangalia mpaka nimezizoea kama sura za watu.

Kona nne zina matundu ya misumari midogo yenye kutu imezunguka. Lilisimama. Watu walipita mbele yake wakasoma Jumapili, saa mbili asubuhi mazoezi, saa nane mchana mbio, wakapanga siku yao.

Wakusanyaji wengi wanataka yale makubwa na siwalaumu, nami nikipata uwezo kesho nitataka. Nikiambiwa chagua moja tu katika yote sitachukua hata Monaco, nitachukua la Max Huber la Monza, uwanja wa mbio wa Italia, 17 Oktoba 1948. Huber alikuwa Mswisi aliyehamia Milano, na alichofanya pale hakuna aliyekuwa amekifanya, badala ya kukuchorea gari linakuja, kinachokimbia ni maandishi yenyewe, herufi zinaanza ndogo kule mbali zinakuja zinakua, na mishale ya rangi inapinda inapandana, wino mwepesi juu ya wino mwepesi mpaka unapata rangi ambayo haikuwepo kwenye kopo lolote. Unasikia mlio. Na hiyo siku ilikuwa Monza inafunguliwa upya baada ya vita. Jean-Pierre Wimille alishinda na Alfa Romeo, na Januari iliyofuata akafariki kwenye mazoezi huko Buenos Aires. Bango linaita watu kwa shangwe zote.

Kuna aina nyingine, mabango ya baada ya mbio. Porsche ndo walikuwa wakali wa hayo, Erich Strenger aliwachorea kuanzia mwanzoni mwa miaka ya hamsini kwa miongo kadhaa, gari likishinda mahali bango linatoka na matokeo yameandikwa, linapelekwa kwa wauzaji wa magari lining'inizwe. Ni mazuri sana, Strenger alikuwa na jicho la nafasi tupu ambalo wachache wanalo, na kwa anayeanza kukusanya hayo yanapatikana kirahisi zaidi kuliko ya kabla ya vita. Ninayo mawili. Lakini hayanitii joto lile lile, kwa sababu yanajua. Yameshajua nani wa kwanza nani wa tatu.

Na lipo moja ambalo sitaki kulitundika hata nikipewa bure, la Le Mans 1955. Mtu mmoja aliwahi kunitumia picha yake akisema lina bei nzuri. Mwaka ule tarehe 11 Juni gari liliruka kwenye watazamaji, wakafa watu zaidi ya 80, na Uswisi baada ya hapo ikapiga marufuku mbio za magari za viwanjani nchini kwake. Bango halina kosa lolote, lilichorwa kama mengine yote, kuita watu waje. Ndo hasa kinachonishinda. Waliitwa, wakaja. Nadhani mahali pake ni makumbusho, pawe na maelezo pembeni, siyo juu ya kochi langu.

Kuhusu kutunza nisiseme sana, jua ndo adui namba moja, nyekundu na njano zinakwenda kwanza, na ukiona bango ambalo bluu imebaki peke yake basi liliishi dirishani. Usibandike na gundi ya moto kwenye ubao, hiyo haitoki tena bila kuharibu. Watu wa kazi hii wanabandika kwenye kitambaa cha kitani kwa uji wa ngano, kwa sababu uji ukiloweshwa unaachia, na miaka hamsini ijayo fundi mwingine anaweza kulitoa akaanza upya. Kioo kisiguse karatasi.

Nilitafuta nani alishinda mbio za mlima wangu. Nilianza, nikafika mahali nikaona bado kidogo nitapata, nikaacha. Nimeamua kutojua.

Wiki ijayo bango linaenda kwa fundi kubandikwa kwenye kitani, mikunjo itanyooshwa, mpasuko mdogo wa juu utazibwa kwa karatasi nyembamba. Ameniuliza kama ajaze na yale matundu ya kona na kuyapaka rangi yasionekane. Nimemwomba ayaache yote manne, na kutu yake.